Lambo la Unyasuka

Simu ya Mzee Mughwai iliingia wakati Editha ameshika taya la paka. Paka huyo alikuwa wa Vandana, mke wa mwenye kampuni, na alikuwa amemeza uzi wa cherehani pamoja na sindano yake, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuinua kichwa. Aliyeipokea ni Prashant Manji mwenyewe, kule mbele dukani, katikati ya magunia ya pumba na makopo ya dawa ya kuogeshea. Akaiweka sauti kubwa kama kawaida yake. Prashant huamini kwamba mteja mwenye hasira lazima asikilizwe na watu wote, ili kesho asiwepo wa kusema hakusikia.

"Dawa zenu zimetuharibia mifugo," sauti ya mzee ilisema. "Ng'ombe wetu wanaogopa maji."

Mkono wa Editha ulisimama. Kwa daktari wa mifugo hakuna maneno mabaya kama hayo. Mbwa anayeogopa maji ana kichaa, na ng'ombe aliyeng'atwa na mbwa huyo hufuata njia ileile. Hulia kwa sauti iliyokauka, huanguka, hufa, na pengine huondoka na mtu aliyemtia mkono mdomoni bila kujua.

"Muulize kama wanatoka udenda," alisema kwa nguvu kutoka chumba cha matibabu.

Prashant akauliza. Mzee akajibu kwamba hawatoki udenda, wanakula, wanacheua, na wakipelekwa kwenye vishimo vya mchanga kule korongoni, mwendo wa asubuhi nzima, wanakunywa mpaka matumbo yanalia. Wasilolitaka ni lambo jipya la kijiji. Lipo hapo hapo karibu na maboma, lina maji tangu masika, nao wanasimama tu wanaliangalia.

"Ng'ombe wote?" aliuliza Prashant.

"Ng'ombe, mbuzi, punda. Hata mbwa. Wewe mtume daktari wako aje aone kwa macho yake. Mimi nikikueleza utasema mzee amelewa."

Kampuni ya Manji hutibu kila chenye manyoya, mabawa au kwato. Asubuhi huwa ni paka na mbwa wa mjini Singida. Mchana gari hutoka kwenda vijijini na chanjo. Unyasuka ilikuwa mbali kuliko vijiji vyao vyote, upande wa Itigi, mahali ambapo vichaka vimefungamana kiasi kwamba mbuzi akiingia hutoka bila nusu ya manyoya yake. Kwa miaka mitatu mtu wao huko alikuwa Deo, kijana aliyefundishwa na Editha mwenyewe kuchanja, kukata kwato na kuzalisha. Alitembea kwa baiskeli, na kasha la barafu limefungwa nyuma kwa mpira. Mwaka uliopita, kabla ya mvua, alitoweka. Baiskeli yake ilikutwa imeegemezwa kwenye ukuta wa stesheni ya Itigi, na watu wakasema amepanda treni kwenda Kigoma, kama walivyoondoka wengine. Aliacha mke na watoto wawili.

Editha aliisikia habari hiyo akashangaa, kwa sababu Deo hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga hata mbuzi. Lakini watu hubadilika, alijiambia, na kazi zikaendelea.

Sindano ilipotoka kooni mwa paka, alinawa mikono akamwita dereva.

Dereva alikuwa Clement, Mgogo wa Manyoni, mtu ambaye huongea tangu anapowasha gari hadi anapolizima. Siku hiyo aliongea mpaka walipofika mwisho wa barabara ya kifusi. Walipotokea kwenye uwazi wa Unyasuka akanyamaza ghafla, akapunguza mwendo bila kuambiwa.

Jua lilikuwa la utosi. Lambo lilikuwa mbele yao, pana, maji yake rangi ya chai ya maziwa, limezungushiwa tuta la udongo mwekundu pande tatu. Kuzunguka ukingo walisimama ng'ombe. Si kundi linalosukumana kama lilivyo kundi lolote lililofika majini. Walisimama wamepangana, bega kwa bega, na mbuzi katikati ya miguu yao, na punda wanne upande mmoja. Mbwa walikuwa wameketi mbele kabisa. Hakuna aliyelia. Mikia haikupunga. Nzi walitembea kwenye pembe za macho yao na hakuna aliyepepesa.

"Dokta," Clement alisema kwa sauti ya chini, "mimi nikae na gari."

Mzee Mughwai aliwapokea akiwa amekunja uso. Alikuwa na kundi kubwa kuliko wote pale kijijini, na mbavu za ng'ombe wake zilikuwa zinahesabika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeona?"

"Nimeona. Wanakaa hivyo mpaka saa ngapi?"

"Mpaka tuwapige. Tukiwapiga wanaondoka. Kesho wakifunguliwa wanakuja wenyewe, wanasimama hivyo hivyo. Kiu inawaua na maji wanayaona."

Pembeni yake alisimama Laurenti, mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu mnene mwenye kofia ya mkeka, ambaye ndiye aliyesimamia uchimbaji wa lambo lile. Alimpa Editha mkono wenye jasho. "Maji yangu hayana kosa, daktari," alisema. "Wanawake wanayachota tangu masika, tunapikia, tunakunywa. Hakuna aliyeumwa tumbo. Tafuteni kosa kwenye dawa zenu."

Editha hakubishana. Aliingia katikati ya ng'ombe akaanza kazi. Alipima joto, akafungua midomo, akatazama fizi na ndimi, akaweka kiganja chini ya koo la kila mmoja asikie anavyomeza. Hawakumpinga. Hiyo nayo ilimsumbua, maana ng'ombe wa vichakani hupiga teke hata kivuli. Hawa walimwacha awageuze shingo, na alipoziachia zilirudi polepole zikatazama kulekule zilikokuwa zikitazama.

Alishuka mpaka ukingoni akachota maji kwa kiganja, akayanusa, akayaonja. Yalikuwa maji ya lambo, mazito kidogo, ya udongo. Akajaza ndoo mbili, akamwomba Mzee Mughwai wazipeleke bomani kwake pamoja na ng'ombe mmoja.

Walimchukua ng'ombe mzee wa madoa, mama wa nusu ya zizi. Alivutwa kwa kamba mpaka bomani, na ndoo ilipowekwa mbele yake alitumbukiza pua akanywa yote bila kupumzika, akalamba na sakafu ya ndoo. Akapewa ya pili. Akanywa. Kisha alipofunguliwa kamba aligeuka akarudi lamboni, akaingia kwenye nafasi yake katikati ya wenzake, iliyokuwa imeachwa wazi.

"Basi si maji," alisema Mzee Mughwai, na ukali wote ulikuwa umemtoka.

"Si maji," alikubali Editha. "Ni mahali."

Usiku ule Editha alilala kwa Dina, mke wa Deo, kwa kuwa hapakuwa na nyumba nyingine yenye chumba. Dina alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyezoea kubeba vitu vizito bila kuomba msaada. Aliandaa ugali wa mtama na mlenda, akawalaza watoto, kisha akaketi kwenye kigoda bila kumtazama mgeni wake usoni.

"Dada, kama umekuja na habari zake, sizitaki," alisema.

"Sina habari zake. Nilidhani labda wewe umepata."

"Watoto nimewaambia baba yao amekufa. Niliona afadhali walie mara moja kuliko kila siku wasimame njiani." Alikwangua chungu kwa nguvu. "Siku aliyoondoka nilikuwa mnadani na kijiji kizima. Narudi, hayupo. Nguo zake zote zipo. Hata shati la kanisani. Nikasema, huyo mwanamke aliyemfuata atamshonea mengine."

Editha akamshika bega. Dina aliuacha mkono ule ukae kidogo, kisha akainuka kwenda kufunga mlango wa kuku.

Asubuhi walikwenda lamboni pamoja na nusu ya kijiji. Mifugo ilikuwa imeshafika. Walikuwa bado wanawatazama pale vumbi lilipotimka upande wa barabara, na kundi la ng'ombe wa wafanyabiashara likatokea, likiswagwa kwenda mnadani. Ng'ombe wale wageni walinusa maji, wakakimbia. Waliwapita ng'ombe wa Unyasuka kama mtu anavyopita katikati ya miti, wakaingia lamboni mpaka magotini, wakanywa kwa kelele, wakajisaidia humo humo, wakaondoka.

Ng'ombe wa Unyasuka hawakuwageukia hata kidogo.

Hapo ndipo Editha alipoona jambo ambalo jana hakuliona. Baada ya wageni kuondoka, ndama wachache walibaki ndani ya maji wakinywa, na hawakuwa wa wageni. Walikuwa ndama wa hapo hapo, wa masika ya mwaka huu, na mama zao walikuwa wamesimama ukingoni. Pamoja nao walikuwa dume jeusi la Mzee Mughwai na mtamba mwekundu ambaye hajazaa bado.

"Mzee, dume hili ulilitoa wapi?"

"Nimelinunua Krismasi iliyopita."

"Na mtamba ule mwekundu?"

"Wa mahari. Alikuja juzijuzi tu."

Editha akapita tena katikati ya wanyama, safari hii akishika masikio. Deo alikuwa na desturi aliyofundishwa na kampuni. Kila mnyama aliyemchanja homa ya mapafu alimtoboa tundu dogo la duara kwenye sikio la kulia, ili asichanjwe mara mbili. Kila ng'ombe aliyesimama ukingoni alikuwa na tundu. Waliokuwa wakinywa hawakuwa nalo.

Watu waliona anachokiona, na manung'uniko yakaanza.

"Si nilisema!" alipaza sauti Laurenti. "Ni chanjo! Wote wenye alama ya kampuni ndio wagonjwa. Pandeni gari lenu muondoke kabla watu hawajakasirika."

"Chanjo hiyohiyo imechanjwa vijiji kumi na viwili," Editha alisema. Sauti yake ilitulia kuliko moyo wake. "Mwankoko ninakoishi mimi, ng'ombe wa baba yangu wana tundu hilohilo, na wanakunywa. Na mbuzi je? Mbuzi hawachanjwi dawa ile. Mbona wamesimama?"

Clement, ambaye hatimaye alikuwa ameliacha gari, alikuja karibu akamnong'oneza, "Dokta, hao mbwa. Nani aliwachanja kichaa?"

"Deo."

"Na mbuzi, nani aliwapa dawa ya minyoo?"

"Deo."

Walitazamana. Kisha Editha akageuka kuwatazama wanyama tena, na safari hii hakuwatazama kama daktari. Aliwatazama kama mtoto wa mfugaji, kama alivyokuwa akiwatazama ng'ombe wa baba yake jioni wakirudi. Macho yao hayakuwa kwenye maji. Shingo zote zilielekea tuta la mashariki, lile lililo juu kuliko mengine. Na masikio yao yalisimama mbele, yamechongoka, hayatikisiki. Alijua ng'ombe husimamisha masikio namna ile wakati gani. Ni wakati mchungaji yuko mbali anaita, na wao wanajaribu kujua sauti inatoka wapi.

Akamgeukia mke wa Deo.

"Dina," aliita. "Deo alikuwa anawaitaje?"

Kila mtu Unyasuka alijua anachokiuliza. Deo hakuwa anafukuza wanyama kwa fimbo siku za chanjo. Alisimama kwenye uwazi, akaita, nao wakaja wenyewe kutoka vichakani, wa huyu na wa yule, wakapanga foleni kama waumini. Watu walikuwa wakimtania kwamba ana dawa.

"Sikumbuki," alisema Dina.

"Unakumbuka, mama."

Dina alijifunga khanga upya kiunoni. Kisha akaweka viganja pembeni mwa mdomo.

"Usiite!"

Aliyesema hivyo ni Laurenti. Alikuwa amepiga hatua mbele, kofia imemwanguka, na uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Watu wakamgeukia. "Usiite," alirudia, kwa sauti ndogo. "Nakuomba, shemeji."

Dina alimtazama. Hakuna ajuaye alichokisoma katika uso ule, lakini aliinua kichwa akaita. Ulikuwa mwito mrefu, unaopanda halafu unavunjika katikati, halafu unashuka pole pole. Mwito wa Deo, umetoka kwenye koo la mkewe.

Wanyama waliondoka wote kwa pamoja. Hawakukimbia. Waliyazunguka maji, ng'ombe, mbuzi, punda na mbwa, kwato zikipiga udongo kwa sauti moja nzito, wakaenda mpaka chini ya tuta la mashariki. Pale wakasimama wakaweka pua zao kwenye udongo. Ng'ombe mzee wa madoa alianza kuulamba. Akalamba mahali pamoja, akalamba, kama anavyolamba mama ndama aliyezaliwa sasa hivi na bado hajapumua. Mbwa mmoja akaanza kuchimba.

Laurenti alipiga magoti.

"Sikumuua," alisema. "Mungu ananiona. Ukuta ulianguka wenyewe."

Mzee Mughwai ndiye aliyemwinua, kwa ukosi wa shati. "Ukuta gani? Nani?"

Basi akaeleza, pale pale, mbele ya kijiji, huku mbwa wakichimba nyuma yake. Ilikuwa siku ile ya mnada. Lambo lilikuwa halijaisha, na yeye alikuwa amebaki na mwendesha katapila peke yao, kwa kuwa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na alitaka kazi iishe. Mafundi walikuwa wamemwonya asichimbe chini ya ukuta wa mashariki. Yeye akaamuru uchimbwe, ili lambo liwe na kina. Mwanambuzi akatumbukia shimoni. Deo alikuwa anapita na baiskeli yake, akamwona, akashuka kumtoa. Alimfikia. Alikuwa amemweka begani anapanda naye pale ukuta ulipowaporomokea.

"Tulidhani amekufa palepale," Laurenti alisema. "Yule wa katapila alitaka kuchimba. Nikamwambia, ukichimba na chuma kile utamkata. Tukashika majembe. Udongo ulikuwa unarudi. Tukasikia..."

"Mkasikia nini?" aliuliza Dina.

"Alikuwa anaita, shemeji. Hakuita majina yetu. Aliita hivyo ulivyoita wewe. Na mifugo ilikuwa kwenye mabua ya mtama, ikaanza kuja. Kijiji kizima hakuna mtu, mifugo inakuja, inazunguka shimo, inamsikiliza. Mimi nilikimbia. Sikuweza. Niliporudi alikuwa amenyamaza."

"Ulirudi lini?"

"Jioni."

Alikuwa amemwamuru mwendesha katapila amalize tuta. Yule mtu alimaliza huku analia, akaondoka na mashine yake kwenda mkoa mwingine, na Laurenti akaipeleka baiskeli Itigi.

Wanaume wengine walitaka kumpiga. Mzee Mughwai aliwazuia kwa fimbo yake, akasema kitu kwa Kinyaturu, kifupi, na wote wakarudi nyuma. Clement akapiga simu polisi. Editha alitaka wasubiri, lakini hakuna ambaye angeweza kuwazuia watu wasichimbe, na pengine haikuwa haki kuwazuia. Walichimba kwa majembe, kisha kwa mabati, mwishowe kwa mikono. Wanyama walisimama wakiwazunguka, karibu kabisa, pumzi zao zikiwapiga watu visogoni. Waliposukumwa walirudi. Mwishowe watu waliacha kuwasukuma.

Udongo mwekundu wa kule hukauka ukashikilia. Ulikuwa umemtunza kuliko inavyostahili. Alikuwa amekaa, si amelala, na mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani, na ndani ya mikono ile mlikuwa na mifupa midogo ya mwanambuzi.

Dina alishuka shimoni peke yake. Alivua khanga yake ya juu akamfunika, akaziingiza ncha za khanga taratibu chini ya mabega yake, kama anayemfunika mtu asiyetaka kumwamsha. Hakupiga yowe. Wanaume wanne wakambeba.

Na hapo, walipokuwa wanapita naye katikati ya ng'ombe, wanyama wale walilegea. Ndivyo Editha alivyosimulia baadaye, hana neno jingine. Masikio yalilala, mikia ikaanza kupiga nzi, mbuzi mmoja akapiga chafya. Kisha ng'ombe mzee wa madoa akageuka, akashuka kwenye maji, akanywa. Wengine wakamfuata. Kwa muda mrefu haikusikika sauti nyingine pale isipokuwa ya mamia ya koo zikimeza.

Siku hiyo mifugo ya Unyasuka ilianza kunywa, na watu wakaacha. Hata leo wanawake huyapita maji yale na ndoo vichwani wakaenda korongoni.

Polisi walimchukua Laurenti alasiri, naye alipanda gari lao mwenyewe bila kushikwa. Mwendesha katapila alikamatwa wiki chache baadaye. Inasemekana alipogongewa mlango alichukua koti lake akatoka, hakuuliza kosa. Kesi yao bado inasikilizwa.

Mjini, Prashant alitaka maelezo, na Editha alimpa yanayoingia akilini. Wanyama wale walimsikia akiita kutoka chini ya ardhi. Walikuwa wamezoea kuitikia sauti ile, hawakumwona, na kila wakifika mahali pale walimngoja. Waliozaliwa au kununuliwa baadaye hawakujua lolote, ndiyo maana walikunywa. Prashant alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema ng'ombe ana kumbukumbu kuliko benki.

Clement ndiye aliyeharibu maelezo yale, njiani siku nyingine.

"Dokta, Mzee Mughwai aliniambia kitu. Yule ng'ombe wa madoa hakuwepo mwezi ule Deo aliofukiwa. Alikuwa Ikungi kwa binti wa mzee, amekopeshwa kwa ajili ya maziwa. Alirudi mvua zimeshanyesha."

Editha alitazama barabara.

"Sasa yeye alimsikia lini?" aliuliza Clement.



Siku ya kuondoa matanga Editha alirudi Unyasuka na sukari, unga, na salamu za akina Manji. Katekista alikuwa amekwishasali na watu walikuwa wanakula. Dina alimwita nyuma ya nyumba, akafunga mlango wa uani.

"Dada, wewe ni daktari. Niambie kweli. Mtu akifukiwa hivyo, anakaa muda gani?"

Editha alikuwa amelifikiria swali lile tangu siku ya kwanza. Njiani alikuwa ameandaa jibu laini. Lakini alipomtazama Dina, na mikono ile iliyozoea mizigo, aliliacha.

"Kama udongo umeacha nafasi mbele ya uso, anaweza kukaa masaa. Alikuwa amekaa. Nafasi ilikuwepo."

Dina aliitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa.

"Mimi mwaka mzima nilimlaani," alisema. "Kila asubuhi nikiwasha moto. Nilimwombea treni ianguke."

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini nilikuwa ninapita pale na ndoo yangu, dada. Kila siku. Nilikuwa ninaona ng'ombe wamesimama, ninawapiga fimbo wanipishe."

Machozi yalimtoka wakati huo, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu, na Editha alikaa naye pale chini kwenye jivu la jiko la uani mpaka yalipoisha. Ndani watu waliendelea kuongea. Mtoto wake mdogo alikuja akagonga mlango akisema mbuzi wanalia, hawajafunguliwa tangu asubuhi. Dina akajifuta uso kwa upande wa ndani wa gauni, akasimama, akaenda kuwafungulia.